Kundi la kuuza na kununua: wauzaji wawekewe sheria zipi?

Ukiwa admini wa kundi la kuuza na kununua utaletewa malalamiko ya aina mbili. Moja: "Admini, huyu anaposti viatu vilevile asubuhi, mchana na usiku, tumechoka." La pili: "Admini, nimepigwa." La kwanza linakuja kila siku na linakera. La pili linakuja mara chache, lakini likija macho yote yanakugeukia wewe.

Admini wengi wana dawa ya kelele tu, na hiyohiyo ndiyo wanayompa mgonjwa wa utapeli. Wanapanga siku za kuposti, wanapitisha kila tangazo kwa mkono wao, wanapiga marufuku kurudiarudia, halafu wanashangaa mwanachama ametuma laki tatu za simu na simu haikuja. Tangazo la tapeli mara nyingi ndilo nadhifu kuliko yote kundini: picha zinang'aa, bei imeandikwa, lugha ina adabu, na hajarudia hata mara moja. Litapita kila chujio ulichoweka kwa ajili ya wapiga kelele.

Kwa hiyo taratibu ninazozilinganisha hapa nimezipima kwa maswali mawili tofauti, kelele na utapeli, na la tatu ambalo watu hulisahau: kazi hiyo ataifanya nani saa nne usiku?

| Utaratibu | Kelele | Utapeli | Mzigo wa admini |
|---|---|---|---|
| Huria, unafuta baadaye | Zinabaki | Hauzuiliki | Mdogo, mpaka siku ya balaa |
| Idhini kabla ya kuonekana | Zinapungua sana | Unapungua kidogo | Mkubwa, kila siku |
| Zamu na idadi ya matangazo | Zinapungua sana | Hauguswi | Mdogo |
| Wauzaji waliosajiliwa | Zinapungua kiasi | Unapungua, ukisajili vizuri | Mkubwa mwanzoni |
| Masharti ya tangazo na malipo | Zinapungua kiasi | Unapungua kuliko kwingine kote | Wa kati |

Kabla ya kuchagua, angalia uko wapi, maana nusu ya sheria zinazoandikwa hazitekelezeki kwa vifaa vilivyopo. Kundi la WhatsApp lina kikomo cha watu 1,024. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote, kuamua nani aingie, na kulifunga kundi waandike maadmini peke yao. Foleni ya matangazo yanayosubiri kupitishwa haipo. Facebook foleni hiyo ipo, na kuna maswali unayoweza kumuuliza mtu kabla hajaingia. Telegram inabeba hadi watu 200,000 kwenye kundi moja, inakuruhusu kugawa kundi kwa mada, na ina mpangilio wa kupunguza kasi, kwamba mtu akishatuma ujumbe asubiri muda uliouweka, hadi saa nzima, ndipo atume mwingine.

Huria

Makundi mengi yanaanza hivi bila mtu kuamua. Kila mwenye kitu anabandika, admini akipata nafasi anapita kufuta ya ovyo. Usiudharau utaratibu huu. Craigslist ya San Francisco, iliyoanzishwa na Craig Newmark mwaka 1995, ilikua kwa kuwaachia wasomaji wenyewe waliwekee alama tangazo baya mpaka liondolewe. Lakini njia hiyo inataka macho mengi, tena yasiyo na maslahi. Kwenye kundi la watu mia tatu ambao nusu yao ni wauzaji, wa kwanza kulilalamikia tangazo la viatu atakuwa muuza viatu mwenzake.

Mahali ambapo huria inatosha kabisa ni pale watu wanapofahamiana: wapangaji wa jengo moja, wazazi wa shule moja, wafanyakazi wa ofisi moja. Muuzaji akikuuzia feni bovu mtakutana kwenye ngazi. Pale ukibandika sheria ishirini utakuwa unawatukana watu.

Idhini kabla

Facebook ndiko utaratibu huu unakokaa vizuri. Tangazo linaingia foleni, admini analisoma, analipitisha au analirudisha. Kundi linakuwa safi ndani ya wiki.

Gharama yake inaonekana polepole. Muuzaji wa chakula cha mchana aliyeandika saa tatu asubuhi anapitishwa saa tisa alasiri, pilau limeshakwisha. Watu wanaanza kumfuata admini inboksi: "Mkuu, nipitishie basi." Anayemfahamu admini anapita haraka, asiyemfahamu anasubiri, na minong'ono ya upendeleo haikawii. Kama huna watu watatu wanaopokezana saa tofauti, achana na idhini ya kila tangazo. Ibakize kwa wanachama wapya, kwa tangazo lao la kwanza au mawili, kisha waachie.

WhatsApp ndiko inakoharibika zaidi. Kwa kuwa foleni haipo, admini anafunga kundi, wauzaji wanamtumia matangazo pembeni, na yeye anayabandika. Matokeo yake kila bidhaa inaonekana imetoka kwenye namba ya admini. Mnunuzi wa Mbagala hajui kwamba wewe ni mpitishaji tu. Kwake yeye, admini ndiye aliyetangaza friji. Friji likifika halipozi, atakuja kwako, na maelezo kwamba "mimi nilikuwa nabandika tu" hayatamwingia. Ukilazimika kufanya hivi, kila tangazo lianze na jina na namba ya muuzaji mwenyewe, na neno "tangazo la" likae mbele ya jina hilo.

Jambo jingine linaloumiza watu kimyakimya: maadmini wengi nao ni wauzaji. Hakuna ubaya. Ila anayeuza simu asiwe ndiye anayepitisha au kurudisha matangazo ya simu ya wenzake. Sheria hii haigharimu hata senti, na makundi mengi hayana.

Zamu na idadi

Hapa ndipo ugonjwa wa kelele unapotibiwa kwa bei nafuu kuliko kwingine. Jumatatu simu na kompyuta, Jumanne nguo na viatu, Jumatano samani, na kadhalika. Au bila siku: kila muuzaji tangazo moja kwa siku, picha zisizidi tatu. Kwenye Telegram, mada tofauti kwa kila aina ya bidhaa zinafanya kazi hiyo bila mtu kugombana na mtu, na mwanachama anazima arifa za mada asizozitaka.

Kosa la kawaida ni kuwapimia wote kipimo kimoja. Anayeuza samaki waliotoka Feri alfajiri hawezi kungoja Alhamisi. Anayeuza kiwanja Kigamboni hana haja ya kutuambia kila siku, kiwanja hakitaoza. Panga idadi kwa maumbile ya bidhaa: chakula na vitu vinavyoharibika kila siku, lakini kabla ya saa tano asubuhi, nguo, viatu na vipodozi mara mbili kwa wiki, samani na vifaa vya umeme mara moja kwa wiki, magari, nyumba na viwanja mara moja kwa wiki mbili. Wauzaji wa nguo watalalamika. Waache walalamike, ndio walioleta kelele.

Kwenye Facebook usisahau mchezo wa kupandisha. Tangazo likipata maoni linarudi juu, ndiyo maana unakuta rafiki wa muuzaji ameandika "up", mwingine nukta, mwingine "bei?" huku bei ipo. Ruhusu muuzaji alipandishe tangazo lake mara moja kila baada ya siku tatu, mwenyewe, kwa uwazi. Maoni ya marafiki yasiyo na swali yafutwe.

Kuhusu utapeli, zamu hazisaidii kitu. Tapeli ataheshimu siku yako ya simu kuliko mtu mwingine yeyote.

Wauzaji waliosajiliwa

Wazo linavutia: anayeuza awe amejulikana kwanza. Tofauti iko kwenye namna ya kumjua, na hapa namna hazilingani hata kidogo.

Ada ndiyo inayopendwa, kwa sababu admini naye anapata kitu kwa muda wake. Sioni ubaya wa admini kulipwa. Ubaya ni kuamini kwamba ada inachuja. Mtu anayepanga kumliza mwenzake laki tatu hatashindwa elfu kumi ya kuingilia. Kwake huo ni mtaji. Tena muuzaji aliyelipa anakuwa mteja wako, na kumfukuza kunakugusa mfukoni. Ukitoza ada, iite ada ya tangazo. Usimpe mlipaji alama wala cheo kinachomfanya aonekane amehakikiwa.

Kitambulisho kinafuata. Watu wanadai picha ya kitambulisho cha NIDA, wengine TIN na leseni ya biashara. Kinasaidia pale tu unapolinganisha na kitu kingine, kwa sababu picha za vitambulisho vya watu zimezagaa, na tapeli anayejiheshimu hakosi moja. Na ukishaanza kukusanya, umebeba dhamana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume ya kuisimamia. Kenya sheria yao ni ya 2019. Simu ya admini yenye picha za vitambulisho vya watu mia mbili, katikati ya picha za harusi na memu, ni hatari kwa watu hao kabla hata hatujazungumzia sheria. Kama unataka kuona kitambulisho, kione kwa simu ya video, linganisha sura na jina, andika kwamba umekiona tarehe fulani, basi. Usikihifadhi.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, na ni ya kwetu kabisa: mdhamini. Muuzaji mpya analetwa na muuzaji aliyekwishakaa kundini, na jina la aliyemleta linaandikwa. Mgeni akila hela ya mtu, mdhamini naye anasimama kuuza mpaka jambo liishe. Waliowahi kuwa kwenye kikoba hawahitaji kuelezwa. Watu wanakuwa wagumu wa kudhamini, na ugumu huo ndio uchujaji wenyewe. Kasoro yake ni kwamba kundi linakua taratibu na mgeni mwaminifu asiye na ndugu mjini anabaki nje. Mfungulie mlango wa pili: mwenye duka au meza inayojulikana, atume mahali alipo, na mwanachama yeyote anayepita maeneo hayo amwone. Muuzaji wa Kariakoo mwenye fremu hawezi kukataa kuonwa.

Chochote utakachochagua, kataza kuazimana jina. Muuzaji aliyesajiliwa "kumsaidia rafiki kuposti" ndiko mianya mingi inakoanzia. Anayeposti ndiye anayewajibika, hata kama bidhaa ni ya shemeji.

Mawinga

Hili nalitenga kwa sababu sheria nyingi zinalipita kando. Winga hana mzigo. Anachukua picha kwenye status ya mwenye duka, anaweka cha juu, anaposti. Ndiyo sababu unaona sofa lilelile, kwenye zulia lilelile, likiuzwa na watu watano kwa bei tano.

Kuna makundi yanayowafukuza wote. Naona ni kosa. Winga mzuri anamjua mwenye mzigo, anajua duka lipi linabadilisha kitu kibovu bila ugomvi, na anamhangaikia mteja wa Songea ambaye hana mtu Dar. Kuna makundi mengine yanayowaacha bila sharti lolote, na hapo ndipo mnunuzi anapoambiwa "mzigo ninao hapa" na mtu aliye kitandani kwake Tandale, mzigo ukiwa Msimbazi kwa mtu mwingine, labda umeshauzwa jana.

Katikati kuna njia inayokaa vizuri. Winga aruhusiwe, aandike WINGA mwanzo wa tangazo, na asipokee hela kabla ya mteja au mtu wake kuuona mzigo dukani. Cha juu chake ni haki yake, hatumuulizi ni kiasi gani. Tunachomzuia ni kushika pesa ya kitu asichokuwa nacho.

Masharti ya tangazo lenyewe

Ningeambiwa nichague utaratibu mmoja tu kwa kundi la watu wasiofahamiana, ningechukua huu. Hauulizi wewe ni nani. Unauliza: kitu unacho?

Bei iandikwe. "Bei njoo inboksi" ikatazwe kabisa, bila huruma. Wauzaji watakwambia washindani wataona bei zao, na ni kweli wataona. Lakini bei ikifichwa, kila mnunuzi anapangiwa yake kwa kuangaliwa picha ya wasifu, na wanachama wanapoteza nafasi ya kushtuka. Simu inayouzwa laki nane kila mahali ikitangazwa kwa laki mbili na nusu mbele ya watu, kuna mtu atauliza. Inboksi hakuna wa kuuliza. "Maelewano" ruksa, ila yaanzie kwenye tarakimu.

Picha iwe ya bidhaa yenyewe. Kwenye Reddit kuna jamii ya kuuziana vifaa vya kompyuta, hardwareswap, ambako tangazo lisilo na picha yenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono jina la muuzaji na tarehe, imewekwa pembeni ya kifaa, halikubaliwi. Ni sharti dogo linalowakata wengi, kwa sababu picha iliyochukuliwa kwa mtu mwingine haina karatasi yako. Kwa vitu vilivyotumika, simu, kompyuta, friji, pikipiki, lazimisha karatasi hiyo. Kwa nguo mpya za jumla na rejareja usijisumbue, utawachosha watu bure. Kumbuka tu kwamba karatasi inaweza kuchorwa kwa programu ya picha, kwa hiyo kwa bidhaa ya bei kubwa mnunuzi awe na haki ya kuomba video fupi, na muuzaji akikataa, tangazo lishuke.

Simu zina jambo lake. Kila simu ina IMEI, namba ya pekee ya kifaa chenyewe, unaiona ukibonyeza *#06#. Tangu simu bandia zilipozimwa nchini usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Watanzania wengi walijifunza kutuma namba hiyo kwenda 15090 na kuona jibu linataja aina gani ya simu. Jibu likitaja aina nyingine na mkononi unaona nyingine, ondoka. Sheria ya kundi isidai IMEI ibandikwe hadharani, hiyo ni kumpa kila mtu namba ya kifaa cha mwenzako bure. Idai kwamba mnunuzi wa kweli akiiomba, apewe.

Hali ya kitu isemwe kwa maneno yanayoeleweka. "Used kutoka Dubai" haisemi kitu. Kioo kimepasuka au hakijapasuka? Betri inakaa? Imewahi kufunguliwa na fundi? Muuzaji aliyesema "kamera ya nyuma haifanyi kazi, ndiyo maana bei hii" anauza haraka kuliko unavyodhani.

Malipo: hapa ndipo hela inapotelea

Kuna njia tatu, na kundi lichague waziwazi badala ya kunyamaza.

Mkono kwa mkono ni salama kuliko zote kwa watu wa mji mmoja. Mnakutana mahali penye watu mchana, anakagua, analipa. Kundi lolote la mji mmoja lifanye hii kuwa kanuni, na anayedai "tuma nauli ya boda kwanza" atajwe kwa admini.

Kulipa kabla hakukwepeki kwa wateja wa mikoani. Muuzaji hawezi kupeleka mzigo stendi kwa imani tupu, na mnunuzi wa Sumbawanga hawezi kuja kukagua. Waruhusiwe kupokea hela kabla wale tu waliosajiliwa kwa mdhamini au kwa duka lililoonwa. Wengine wauze mkononi. Picha ya risiti ya basi isichukuliwe kuwa ushahidi kamili. Boksi linaweza kuwa na matofali. Mzigo upigwe picha ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa, kisha risiti.

Kisha kuna sharti moja ambalo thamani yake ni kubwa kuliko urefu wake: jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri lifanane na jina la muuzaji kundini, au na jina la biashara kwenye lipa namba yake. Wakenya watasema till. Mtu anayejiita Mama Nasra ukituma hela likatokea jina la mwanaume usiyemjua, bonyeza sifuri urudi. Nchi nzima imeshazoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Muuzaji anayebadilisha namba katikati ya mazungumzo anaimba wimbo uleule.

Njia ya tatu ni mtu wa kati: mnunuzi anamwachia admini hela, mzigo ukifika admini anamlipa muuzaji. Inasikika vizuri na wanachama wataiomba. Kataa. Siku moja mzigo utafika umevunjika, wote wawili watakuwa na haki nusunusu, na hela itakuwa kwako. Zaidi ya hapo, kushika na kupitisha fedha za watu kama huduma kunasimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Wewe ni admini wa kundi.

Sifa za muuzaji

Wengine wanapenda uzi wa sifa, kila aliyenunua aandike alihudumiwaje. eBay ilianza jambo hili mwaka 1996, muuzaji na mnunuzi wakipeana alama pande zote. Mnunuzi aliyelalamika akawa analipiziwa alama mbaya, wengi wakaogopa kusema, mpaka mwaka 2008 kampuni ikawanyima wauzaji uwezo wa kumpa mnunuzi alama mbaya. Kwenye makundi yetu kulipiziwa kunakuja kwa sura nyingine: "Dada fulani ana roho mbaya, anaharibu biashara za watu." Kwa hiyo malalamiko yapokelewe na admini pembeni. Sifa njema zibaki hadharani, lakini ziambatane na picha ya kitu kilichopokelewa, la sivyo utapata mashangazi kumi na wawili wanaosifia duka moja kwa sentensi ileile.

Bidhaa zisizoruhusiwa hazina ubishi mwingi. Dawa za binadamu ziondoke, zina mamlaka yake, TMDA. Vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019, na mkorogo usio na lebo usibandikwe hata kama wateja wapo. Nyara na silaha hazijadiliwi. Wafugaji wajue kwamba sera ya biashara ya Facebook inamkataza mtu binafsi kuuza wanyama hai, kwa hiyo tangazo la vifaranga linaweza kushushwa bila wewe kuhusika. Kundi la kuku na mbuzi liwekwe kwingine tangu mwanzo.

Adhabu

Tenganisha makosa ya kelele na makosa ya pesa, yasipande ngazi moja. Aliyeposti mara mbili: tangazo linafutwa na anaambiwa sababu. Akirudia, wiki moja bila kuuza. Akirudia tena, mwezi. Hakuna haja ya kumfukuza mtu kwa sababu anapenda kuuza.

Malalamiko ya pesa yakiletwa na ushahidi wa muamala, muuzaji asimame kuuza papo hapo, kabla hujaamua nani mkweli, na asimame hivyohivyo awe mgeni au mkongwe. Mpe saa arobaini na nane ajibu. Asipojibu, aondolewe na mdhamini wake asimame. Namba iliyotumika ipelekwe 15040, na aliyeibiwa aende polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili hiyo. Usibandike sura na kitambulisho cha mtuhumiwa kundini huku watu wakipiga makofi. Kitambulisho hicho huenda kiliibwa kwa mtu mwingine.

Uchague nini basi

Kundi la mtaa au jengo, watu chini ya mia mbili: huria, pamoja na sharti la bei wazi. Inatosha.

Kundi la mji la WhatsApp, watu mia tano na kuendelea, hasa nguo, chakula na vitu vya nyumbani: idadi kwa aina ya bidhaa, masharti ya tangazo, mkono kwa mkono. Usifunge kundi ukawa mbandikaji wa kila mtu.

Kundi kubwa la Facebook la bidhaa mchanganyiko: idhini kwa wanachama wapya tu, masharti ya tangazo kwa wote, na maadmini watatu wa saa tofauti. Ukiwa peke yako, punguza kundi kwanza.

Kundi la simu, kompyuta, magari au pikipiki, la ukubwa wowote: mdhamini, karatasi yenye jina na tarehe, jina la malipo lifanane. Hapa kelele vumilia. Nguvu zote zipeleke kwenye pesa.

Sheria zenyewe ziwe fupi, zibandikwe juu, na mtu azisome bila kubonyeza "soma zaidi". Kwa kundi la mji, mfano huu unatosha kuanzia, badilisha unavyoona:

"Karibuni. Bei iandikwe, 'njoo inboksi' inafutwa. Kitu kilichotumika: picha yako, na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Chakula kila siku kabla ya saa tano asubuhi. Nguo mara mbili kwa wiki. Vingine mara moja. Winga andika WINGA, usipokee hela kabla mzigo haujaonwa. Malipo mkono kwa mkono. Kutumiwa kabla ni kwa waliosajiliwa tu. Jina kwenye simu lifanane na la muuzaji. Tangazo kukaa hapa hakumaanishi admini amelidhamini. Umeibiwa? Mtumie admini picha ya muamala, usitukane kundini. Admini anayeuza haamui matangazo ya bidhaa anayoiuza."